Kilichoonekana na Kilichosemwa

Kabla ya msomi yeyote wa Ulaya kuandika juu ya theluji ya Kilimanjaro, watu wa misafara waliotoka Mombasa kwenda Uchagani walikuwa na maelezo yao kuhusu mlima huo. Walisema una majini. Aliyethubutu kupanda alirudi, kama alirudi, miguu imekakamaa na viungo havimtii. Baruti yake ilikataa kushika moto. Wenzake walibaki huko juu, wameuawa na wenye mlima. Huko Machame nako kulikuwa na habari ya mtawala wa zamani aliyetuma kundi la watu wakamletee kile kitu cheupe kinachong'aa kileleni, akitumaini kuwa ni fedha, na katika kundi zima akarudi mmoja, mikono na miguu yake imeharibika. Habari hizi ziliandikwa na wamisionari Johannes Rebmann na Johann Ludwig Krapf, waliokuwa na kituo chao Rabai, nyuma ya Mombasa, katika miaka ya 1840. Mtu akizisoma leo akiwa Loitokitok, mji uliojiegemeza kwenye ubavu wa mlima huohuo, atagundua jambo la kushangaza. Ukiyaondoa majini, kinachobaki ni taarifa sahihi. Baridi kali hukakamaza miguu na kuua nyama ya vidole. Baruti iliyolowa ukungu haiwaki. Na watu waliozoea joto la tambarare, bila nguo nzito wala kuni, wakilazwa na usiku mita elfu nne na zaidi juu ya usawa wa bahari, hufa.

Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliuona mlima kwa macho yake, akaona weupe juu yake, akaandika kwamba ni theluji. Mtu wa msafara alipoulizwa ni nini kile, alijibu kwamba ni baridi, na jibu hilo lilikuwa karibu na ukweli kuliko vitabu vingi vilivyoandikwa baadaye. Taarifa ya Rebmann ilichapishwa Uingereza mwaka 1849, ikakutana na William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London ambaye alikuwa akiichora Afrika ya ndani bila kuikanyaga, kwa kulinganisha vitabu vya Wareno na maneno ya wasafiri. Cooley alisema theluji karibu na Ikweta, katika nchi ya joto kama hii, ni ndoto ya macho. Kitabu chake cha mwaka 1852 kiliendelea kushikilia hivyo. Baron Karl Klaus von der Decken alifika mlimani mwaka 1861 akiwa na mtaalamu wa miamba Richard Thornton, akarudi mwaka 1862 na Otto Kersten wakapanda hadi zaidi ya mita 4,000, theluji ikawaangukia. Bado Cooley hakukubali. Hawezi kutetewa kwa kusema kwamba elimu ya wakati wake ilikuwa changa. Milima yenye theluji karibu na Ikweta ilijulikana vyema kule Amerika Kusini. Alexander von Humboldt alikuwa ameukwea Chimborazo mwaka 1802, na dunia nzima ya wasomi ilisoma habari zake. Ilijulikana pia kwamba hewa hupoa kadiri unavyopanda, takriban digrii sita kwa kila mita elfu moja. Kwa hesabu hiyo, siku ambayo Loitokitok ina digrii ishirini, kilele cha mita 5,895 kiko chini ya sifuri. Cooley alikuwa na vyote vilivyohitajika ili aamini. Alichokosa ni heshima kwa shahidi.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu watu wengi wanapotaja fikra ya kuhoji mambo ya ajabu humfikiria mtu kama Cooley: mtu mwenye elimu anayetikisa kichwa. Nadhani tumekosea mfano. Kila habari ya ajabu ina sehemu mbili zilizofungwa pamoja, kile kilichoonekana na kile kilichosemwa kukifafanua, na kazi ya mwenye shaka ni kulifungua hilo fundo. Watu wa misafara waliona sawasawa wakaeleza vibaya. Cooley aliyakataa maelezo na akatupa ushahidi pamoja nayo. Kosa lake ni kubwa kuliko lao, kwa kuwa wao walikuwa na kitu mkononi na yeye hakuwa na chochote isipokuwa uhakika. Lakini kuna kosa la tatu, na hilo ndilo limetujaa siku hizi: kupokea maelezo bila kuuliza kwa sababu tu yamevaa nguo za elimu. Tunamhoji mzee anayesema ziwa lina mwenyewe, kisha tunaisambaza bila swali habari yenye picha nzuri, jina la mtaalamu na ramani yenye rangi. Ngano za zama zetu hazina majini. Zina takwimu, picha na historia, na kusini mwa Kenya, kuanzia Suswa hadi Natron hadi Loitokitok, ziko nyingi.

Tuchukue ziwa Natron, ambalo ncha yake ya kaskazini inagusa mpaka wa kaunti ya Kajiado upande wa Shompole. Mwaka 2013 mpiga picha Nick Brandt alichapisha kitabu chenye picha za ndege na popo wa ziwa hilo waliokauka wakawa kama sanamu za chokaa, wameketi juu ya vijiti, shingo zimeinuliwa. Picha zilizunguka ulimwengu, na pamoja nazo ikazunguka habari kwamba kuna ziwa Afrika Mashariki ambalo mnyama akiligusa tu hugeuka jiwe. Kilichoonekana kilikuwa kweli: maji ya Natron ni ya magadi makali, na mzoga unaotupwa ufukoni hufunikwa na chumvi ikauhifadhi. Lakini Brandt mwenyewe hakuficha kwamba aliwakuta wanyama hao wamekwisha kufa, akawaokota na kuwapanga wakae kama walio hai. Hakuna ndege aliyegandishwa akiwa ametua. Na jambo ambalo habari ile ililifuta kabisa ni kwamba Natron ndipo mahali pakuu pa kuzaliana kwa heroe wadogo wa Afrika Mashariki. Ndege hao wa waridi huja kwa mamia ya maelfu, hujenga viota vya matope juu ya magadi yaleyale, kwa sababu maji hayo yanayowachoma maadui zao ndiyo ukuta wa nyumba yao. Ziwa lililoelezwa duniani kote kuwa la kifo ni uwanja wa kulelea vifaranga. Hapa hapakuwa na mwongo. Palikuwa na picha ya kweli, kisha mkono wa pili ukaongeza neno, mkono wa tatu ukaondoa maelezo ya mpiga picha, na mkono wa kumi haukujua kwamba kulikuwa na maelezo. Ndivyo ngano ilivyosafiri siku zote, ila zamani ilitembea kwa miguu na kila kituo kilikuwa na mtu aliyepajua mahali penyewe.

Kisha kuna ufa wa Suswa. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilifunguka karibu na barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, ikakata lami na kuwahamisha watu waliokuwa na nyumba hapo. Palipopasuka palikuwa na kina cha mita kumi na tano hivi na upana wa kumeza lori. Kwa siku chache vyombo vya habari vya nchi za mbali vilitangaza kwamba Afrika inapasuka vipande viwili mbele ya macho yetu. Wanajiolojia walioutazama ufa huo kwa makini walieleza jambo la chini zaidi na la manufaa zaidi. Bonde la Ufa limejaa majivu laini ya volkeno. Maji ya mvua hupenya chini, huchimba mifereji isiyoonekana katika majivu hayo, hata dari ya udongo ikakosa cha kuishika ikaporomoka. Ni kweli kwamba mabamba mawili ya ardhi yanaachana chini ya bonde hili, na kwamba huenda mianya ya kale ya miamba huyaonyesha maji njia. Lakini kuachana huko ni kwa milimita chache kwa mwaka. Ili ufa wenye upana wa mita ishirini upatikane kwa mwendo huo ingebidi kungoja maelfu ya miaka. Hauwezi kutokea kati ya Jumatatu na Jumatano. Na tofauti ya maelezo haya mawili si ya wasomi peke yao. Mwenye shamba pale Suswa akiambiwa bara linagawanyika, hana la kufanya ila kushika tama. Akiambiwa maji yanachimba majivu chini ya shamba lake, anaweza kuuliza mkondo umeelekea wapi, mhandisi wa barabara anaweza kuelekeza mifereji kwingine, na serikali ya kaunti inaweza kuamua ni wapi pasijengwe shule.

Habari inayoisumbua zaidi Loitokitok, hata hivyo, haihusu ardhi kupasuka. Inahusu mpaka. Anayeitazama ramani huona mstari unaotoka Ziwa Victoria ukishuka kusini-mashariki umenyooka kama uzi, ukifika Kilimanjaro ukapinda, ukauzunguka mlima kwa kaskazini na mashariki, kisha ukanyooka tena hadi baharini. Kizazi baada ya kizazi kimefundishwa sababu: Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake, Kaiser Wilhelm, mlima wa theluji kwa siku yake ya kuzaliwa, kwa kuwa yeye alikuwa na milima miwili na mjukuu hakuwa na hata mmoja. Waongoza watalii huisimulia, na hata watu wazima wenye shahada huirudia bila wasiwasi. Hapa tarehe zinatosha. Makubaliano ya Waingereza na Wajerumani yaliyochora mstari huo ni ya mwaka 1886. Aliyekuwa Kaiser mwaka huo ni Wilhelm wa Kwanza, mzee aliyekaribia miaka tisini. Mjukuu wa Victoria hakukalia kiti hicho hadi Juni 1888. Basi mpinde ulitoka wapi? Ulitoka kwenye makaratasi ya watu waliokuwa wakishindana kukusanya saini. Harry Johnston alifika mlimani mwaka 1884 akapata mikataba Taveta. Mwaka 1885 Sultan Barghash wa Unguja alimtuma Lloyd Mathews kupata viapo vya watawala wa Uchagani, na punde baadaye Karl Jühlke, wakala wa kampuni ya Carl Peters, akapata saini ya Rindi Mandara wa Moshi. Wajerumani walipofika mezani waliushika mlima kwa karatasi hizo, Waingereza wakaishika Taveta na Mombasa, na madai ya Sultani juu ya bara yakasukumwa pembeni. Kwa hiyo kona ya mpaka ni ya kweli, lakini zawadi ni ngano. Nani anapotea ndani ya ngano hiyo? Mandara, aliyejua kucheza na wageni watatu kwa wakati mmoja, anapotea. Barghash anapotea. Wanaobaki ni bibi na mjukuu wake wakipeana nchi kama nguo, na Wamaasai ambao malisho yao yalikatwa na mstari huo wanaambiwa kwamba hapakuwa na siasa, palikuwa na mapenzi ya familia. Naichukia hadithi hii kuliko zote nilizozitaja, kwa sababu inajifanya kuwakejeli wakoloni huku ikiwafuta Waafrika waliokuwamo.

Ngano yenye uzito zaidi ni ile inayohusu maji, na hapa nitakaa kidogo. Tambarare ya Amboseli hupata mvua haba, karibu milimita 300 na kitu kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mwaka ni vumbi. Hata hivyo katikati yake kuna vinamasi vya Enkongo Narok na Longinye, kijani mwaka mzima, tembo wakiwa wamezama hadi tumboni. Kimana kuna chemchemi zinazomwagilia nyanya na vitunguu. Karibu na Loitokitok kuna chemchemi ya Nolturesh, ambayo maji yake hupelekwa kwa bomba zaidi ya kilomita mia moja kuelekea Sultan Hamud, Machakos, Kajiado na Athi River, jirani wa Kitengela. Maji haya yanatoka wapi? Kila mtu anayeinua macho ana jibu: ni theluji ya mlima inayoyeyuka. Jibu hili limo katika vitabu vya watalii, filamu za wanyamapori na hotuba za mazingira, na lina mvuto wa ajabu kwa kuwa sababu na matokeo vinaonekana pamoja, barafu juu na maji chini. Ila tupige hesabu ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza. Barafu ya Kilimanjaro ilikuwa takriban kilomita 12 za mraba ilipopimwa mwaka 1912. Kufikia 2011 ilikuwa imebaki chini ya mbili. Tuseme, kwa ukarimu, kila mwaka barafu yote iliyobaki inapungua kwa mita moja nzima na yote inakuwa maji. Tunapata mita za ujazo milioni mbili. Sasa chukua ukanda wa msitu unaouzunguka mlima, wenye kilomita za mraba elfu moja hivi, na uunyeshee mita moja tu ya mvua, ingawa miteremko ya kusini hupata zaidi ya mbili. Tunapata mita za ujazo bilioni moja, yaani mara mia tano ya barafu. Hata kama sehemu moja tu kati ya kumi ya mvua hiyo ndiyo inayozama ardhini, bado ni mara hamsini. Na ukarimu wetu kwa barafu umepita kiasi, maana katika hewa kavu ya kileleni sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke moja kwa moja, bila kuwa maji kamwe. Ushahidi wa pili ni vinamasi vyenyewe. Barafu imepoteza zaidi ya nne kwa tano ya eneo lake katika karne moja. Kama ndiyo iliyovilisha vinamasi vya Amboseli, navyo vingekauka kwa kiasi kama hicho. Havikukauka. Maji yanayobubujika Nolturesh ni mvua iliyonyesha juu ya miti, ikapenya katika miamba ya lava yenye matundu, ikatembea gizani na kutokea pale mteremko unapolala.

Najua jibu nitakalopewa na watu wenye nia njema. Watasema: hata kama si theluji, hadithi ya theluji imewafanya watu waujali mlima na waone hatari ya dunia kupata joto, kwa nini kuivunja? Hoja hii ina heshima yake, na kupungua kwa barafu hiyo ni ishara ya kweli ya mabadiliko yanayotuumiza. Lakini hadithi inayotuonyesha mahali pasipo hutufanya tulinde pasipo. Hakuna kamati ya maji ya Kimana inayoweza kuongeza barafu kileleni. Msitu, kinyume chake, unaweza kupandwa, kulindwa, au kuchomwa. Mwanaikolojia Andreas Hemp, aliyeutafiti uoto wa Kilimanjaro kwa miaka mingi, alionyesha katika makala ya mwaka 2005 kwamba moto katika misitu ya juu, ile inayokamua ukungu na kuudondosha chini kama mvua ya siri, umeupunguzia mlima maji mengi kuliko kuyeyuka kwa barafu. Tumefundishwa kuililia barafu huku msitu ukiungua nyuma ya migongo yetu.

Wengine watapinga kwa upande tofauti kabisa, wakisema kwamba kuhoji hivi ni kuwadharau wazee. Mlima ni mahali pa Enkai, Mungu wa Wamaasai, kwa wengi wanaoishi chini yake. Nani kampa mwandishi ruhusa ya kuupima kwa kilomita za mraba? Naona pingamizi hili limeelekezwa kwa mtu asiyefaa. Anayesema mlima ni mtakatifu hajasema lolote kuhusu bomba la maji, na hesabu yangu haimgusi. Na wazee wanapotoa taarifa za nchi yao, mara nyingi ndio mashahidi bora tulio nao. Kule Tsavo Magharibi, chini ya vilima vya Chyulu, kuna uwanda mweusi wa lava unaoitwa Shetani, wenye urefu wa kilomita nane hivi, na watu wa eneo hilo walisimulia kwamba shetani mwenyewe alitoka ardhini kwa moto. Lava hiyo ni changa sana kwa hesabu ya miamba, umri wake ni wa karne chache tu. Kwa maneno mengine, masimulizi hayo yanaweza kuwa yameanza na macho ya watu waliosimama pale ardhi ikiwaka, yakapokezanwa kinywa kwa kinywa hadi kwetu. Shetani ni maelezo. Moto ni ushahidi. Anayetupa vyote viwili anapoteza kumbukumbu ya tukio ambalo hakuna aliyeliandika. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na mimi sioni haja ya kupingana nao. Kilichopo, hata hivyo, aghalabu ni kile kilichoonekana.

Pingamizi gumu ni la tatu. Nikiwapa watu wa misafara haki yao, na nikimlaumu Cooley kwa kumkataa Rebmann, je, sijamfungulia mlango kila mtu mwenye dai la ajabu? Mganga anayeuza dawa ya kila maradhi naye atasema: hata Rebmann alichekwa. Ni kweli atasema, na watu watamsikiliza, kwa kuwa kisa cha mkweli aliyekataliwa kinapendwa na kila mwongo. Lakini kukataliwa hakumfanyi mtu awe mkweli. Wengi waliokataliwa walistahili. Kilichomtofautisha Rebmann ni jinsi dai lake lilivyokuwa. Alisema mahali, akasema siku, akasema kitu ambacho yeyote mwenye miguu angeweza kukifuata na kukuta kipo au hakipo. Waliofuata walikikuta, na kadiri walivyosogea ndivyo kilivyozidi kuwa wazi, kutoka doa jeupe hadi baridi ya usiku hadi theluji inayowaangukia mabegani. Dai la uongo huwa na tabia nyingine, tabia ya mazigazi ya bonde kavu la Amboseli saa sita mchana, ambapo ziwa linameta mbele yako na kila ukipiga hatua nalo linapiga hatua. Ukimuuliza mganga kwa nini mgonjwa huyu hakupona, atasema hakuamini. Ukimletea aliyeamini, atasema alikosea masharti. Ukimletea aliyetimiza masharti, atasema ameonewa kijicho. Kila jibu linasogeza maji mbele. Lakini hata mazigazi si uongo wa macho. Mwanga uliopindishwa na hewa ya moto juu ya udongo umefika kweli jichoni, na kamera pia hulipiga picha ziwa hilo. Kosa huanza pale mtu anapoongoza ng'ombe wake kulifuata.

Mfano mzuri wa namna jambo la ajabu linavyoweza kushughulikiwa uko kwa majirani, kaunti ya Makueni. Alasiri ya tarehe 30 Desemba 2024 pete kubwa ya chuma, yenye kipenyo cha mita mbili na nusu na uzito wa takriban kilo 500, ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku. Wanakijiji waliripoti chuma kimeanguka. Maafisa walifika, wakalizingira eneo, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likaichukua na kueleza kwamba inafanana na pete ya kutenganishia sehemu za roketi, kitu ambacho kwa kawaida huungua kikirudi katika hewa au huanguka baharini. Kama miaka hamsini iliyopita mtu angesema chuma cha nusu tani kimetoka mbinguni na kuangukia kichaka, msomi wa mjini angetikisa kichwa. Mukuku, shahidi aliaminiwa kwa kile alichokiona, na maelezo yakaachiwa wenye vipimo.

Hao wenye vipimo nao hawapaswi kusamehewa maswali. Mwaka 2002 kundi la wanasayansi lililoongozwa na Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State, baada ya kutoboa barafu ya Kilimanjaro na kusoma tabaka zake, lilikadiria kwamba barafu yote ingetoweka kati ya mwaka 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita. Barafu imezidi kupungua, lakini ipo, na asubuhi isiyo na mawingu inaonekana kutoka sokoni Loitokitok. Wapo wanaolitumia kosa hilo kusema kwamba habari zote za hali ya hewa ni uzushi, nao wanarudia kosa la Cooley neno kwa neno: kwa sababu maelezo yamepungua, wanatupa na kilichoonekana. Kupungua kumepimwa tangu 1912 na hakuna anayekupinga kwa kipimo. Kilichokosewa ni tarehe ya mwisho, na tarehe ilikuwa utabiri juu ya vipimo, haikuwa kipimo.

Ndiyo maana naona ngano mbili za Loitokitok, ya zawadi na ya theluji, zinastahili kuondolewa pamoja. Mstari wa mwaka 1886 uliuacha karibu msitu wote wa Kilimanjaro upande wa Tanzania. Kenya ilibakiwa na kipande kidogo cha msitu juu ya Loitokitok. Maana yake ni kwamba mvua inayojaza vinamasi vya Amboseli, mashamba ya Kimana na bomba la Nolturesh hunyesha, kwa sehemu kubwa, katika nchi nyingine, juu ya miti inayosimamiwa na mamlaka nyingine. Moto mkubwa uliounguza mlima Oktoba 2020, na ule uliofuata Oktoba 2022, uliripotiwa Kenya kama msiba wa jirani na wa wapanda mlima. Ulikuwa pia habari ya maji ya Kajiado. Lakini mtu anayeamini kwamba maji yake yanatoka kwenye barafu haoni kinachoungua, na anayeamini kwamba mpaka ulitokana na keki ya siku ya kuzaliwa haoni kwamba ulikuwa mapatano, na kwamba mapatano mengine juu ya msitu huo yanaweza kuandikwa, safari hii wakiwapo mezani wale wanaoyanywa maji yake. Kaunti ya Kajiado inapojadili visima vipya Kitengela na bei ya maji ya malori, bajeti ya kuzuia moto kule Rongai, ng'ambo ya mpaka, haimo katika karatasi za mkutano. Ingepaswa kuwa kipengele cha kwanza.